Kuingia na mvinyo wako melini unapounganisha safari mbili: hesabu huanza upya siku ya kati

Wakala wa Kirumba (mleta uzi)

Wanajamvi, mwangaluka.

Nimeleta uzi huu kwa sababu swali lenyewe limekuwa likinifikia ofisini hapa Mwanza mara kwa mara, na majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yana upungufu unaoweza kumfanya mtu aachwe mikono mitupu mlangoni mwa meli. Wazazi wengi wa Mwanza, Bukoba na Musoma wenye watoto Uingereza wanaalikwa siku hizi kupanda meli za kitalii, na kwa kuwa nauli ya ndege kutoka huku ni kubwa, watoto huona ni afadhali wawakatie wazazi safari mbili mfululizo ndani ya meli moja kuliko kuwavusha bahari kwa ajili ya wiki moja. Hapo ndipo swali linapozaliwa: mtu anayeruhusiwa kuingia na chupa moja ya mvinyo, akiwa na safari mbili mkononi, anaruhusiwa chupa ngapi, na aziingize lini?

Kampuni nyingi huhesabu kila safari peke yake, hata kama wewe hubadilishi chumba wala hugusi begi lako. Kwa upande wao safari ya kwanza inafungwa asubuhi ile meli inaporudi gatini, na ya pili inafunguliwa siku hiyohiyo ikiwa na namba yake ya tiketi na bili yake. Kwa hiyo ruhusa ya mvinyo nayo huanza upya siku hiyo ya kati. Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba ruhusa mbili zinaweza kutumika kwa pamoja siku ya kwanza. Mke na mume wanafika bandarini na chupa nne, wanamwonyesha mkaguzi tiketi za safari zote mbili, naye anahesabu watu wawili, chupa mbili. Zile mbili za ziada zinawekwa kando pamoja na pasi za nguo na majiko ya umeme ya abiria wengine.

Masharti hayafanani, na ni vyema mtu aelewe kampuni yake iko kundi gani kabla hajanunua chochote. Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima aliyefikia umri wa kunywa aingie na chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750, iliyofungwa, siku ya kupanda meli. Ukiinywea chumbani hulipi kitu; ukiipeleka mezani ukumbini utatozwa dola 15 za kufunguliwa na kuhudumiwa. Carnival wana utaratibu unaokaribia huo, nao husisitiza kwamba chupa iwe kwenye begi la mkononi, isiwe ndani ya sanduku unalomkabidhi mpagazi. Kwa kampuni za aina hii siku ya kati ina thamani kubwa, maana bila hiyo huna njia nyingine ya kuingiza chupa ya pili bure.

Norwegian Cruise Line hawana chupa ya bure, lakini hawakuwekei kikomo: unalipa dola 15 kwa kila chupa ya mililita 750, au dola 30 kwa chupa kubwa ya mililita 1,500, na ukishalipa unakunywa unapotaka. Hapo kusubiri siku ya kati hakukupunguzii gharama hata senti, kwa hiyo mtu anaweza kuingiza mvinyo wake wote mara moja. Disney nao humruhusu mtu mzima kuingia na chupa mbili za mvinyo si siku ya kwanza tu, bali katika kila bandari ambayo meli inasimama. MSC hawaruhusu mvinyo wa nje kabisa. Viking, ambao abiria wao wengi ni watu wa makamo na wastaafu, huruhusu bila ada yoyote.

Sasa niwape mfano ninaoushughulikia, ambao wenyewe wameniruhusu kuueleza. Ni mzee mmoja na mkewe wa Nyakato, ambao watoto wao wamewakatia safari mbili za usiku saba kila moja kutoka Southampton: ya kwanza inakwenda Norway, ya pili inakwenda Ufaransa na kaskazini mwa Hispania. Siku yao ya kutimiza miaka 40 ya ndoa inaangukia ndani ya safari ya pili, na mama ameazimia kwamba siku hiyo wafungue mvinyo mwekundu wa Dodoma. Kampuni yao ni ya chupa moja kwa mtu. Walikuja ofisini wakiwa na mpango wa kuuacha mvinyo wa Dodoma kwa binti yao, ili aulete bandarini siku ya kati, na wiki ya kwanza waingie na mvinyo wa kununua Uingereza.

Niliwashauri wafanye kinyume chake. Mvinyo usiopatikana kwingine uingie siku ya kwanza, ukiwa bado mikononi mwao, na ukae kabatini bila kufunguliwa. Kwa kuwa hawahami chumba, hakuna anayekuja siku ya kati kukagua kilichobaki kabatini. Chupa iliyoingia kihalali safari ya kwanza inavuka nao kwenda safari ya pili. Mvinyo wa kununuliwa ndio wa kuachia siku ya kati, kwa sababu Southampton ina maduka ya kutosha, na binti akichelewa barabarani hakuna kitakachoharibika. Mpango wao wa awali ulikuwa umeiweka chupa ya maana kwenye hatari ya foleni za magari, na chupa ya kawaida mahali pa usalama.

Nakaribisha maswali.

Binti Nansio

Asante sana mkuu kwa uzi wenye mashiko. Mimi naomba kueleweshwa jambo la msingi zaidi. Sisi wa visiwani tumezoea kupanda meli na kila kitu: samaki, mihogo, magodoro, kreti za soda. Hakuna nahodha aliyewahi kuniuliza nimebeba kinywaji gani cha kwangu. Kwa nini hawa wenzetu wanahangaika na chupa moja ya mvinyo ya bibi na babu?

Wakala wa Kirumba

Dada yangu, tofauti iko kwenye namna meli inavyopata fedha. Meli zetu za ziwani zinaishi kwa nauli na mizigo. New Victoria Hapa Kazi Tu inapoondoka Mwanza usiku kwenda Kemondo na Bukoba, inakupeleka mahali unapokwenda, na kreti yako ya soda ni mzigo unaoulipia. Hata MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilibuniwa kwa kazi hiyo ya usafiri. Meli ya kitalii haikupeleki popote, inakurudisha ulikotoka. Nauli yake hushushwa makusudi ili vyumba vijae, kisha kampuni inatafuta faida kwa kukuuzia vitu ukiwa ndani: vinywaji, matembezi ya bandarini, michezo ya kamari, picha, intaneti. Kwa kampuni kubwa mapato ya namna hii hukaribia theluthi moja ya mapato yote, na vinywaji ni sehemu nono ya fungu hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Kamati za harusi hapa Mwanza zinajua kwamba ukumbi ukiona mnaleta vinywaji vyenu, mtalipia ada ya kuviingiza, kwa kuwa mwenye ukumbi alitegemea kuuza vya kwake. Chupa moja ya bure ni heshima ambayo kampuni inampa mgeni, na ndiyo maana inalindwa kwa kuhesabiwa.

Mzee wa Pasiansi

Mleta uzi, nimesoma kwa makini. Mimi nina jamaa Hombolo ambaye anatengeneza mvinyo mzuri sana nyumbani kwake, na hunitumia katika chupa za maji za lita moja na nusu. Je, huo unaweza kuingia? Pia nilitaka kujua kama chupa ndogo ya Konyagi inaweza kuhesabiwa mahali pa ile ya mvinyo, kwa kuwa mimi si mpenzi wa mvinyo.

Wakala wa Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Yote mawili hayatawezekana, na ni bora nikueleze sababu.

Mvinyo wa nyumbani, hata uwe mtamu kiasi gani, hauna muhuri wa kiwandani wala lebo, na neno linalorudiwa katika masharti ya karibu kila kampuni ni kwamba chupa iwe imefungwa na haijawahi kufunguliwa. Mkaguzi hana namna ya kujua kilichomo ndani ya chupa ya maji, na kwa kweli chupa ya maji yenye kimiminika chekundu ndiyo itakayomfanya afungue begi zima. Jamaa yako wa Hombolo anaishi katikati ya nchi ya zabibu, ambako mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka, na viwanda vya huko vinatoa mvinyo wenye chupa ya kioo, kizibo na lebo inayotaja kiwango cha kilevi. Mwombe akutumie hiyo. Mvinyo wa boksi nao uachwe, maana kampuni nyingi zinazotaja chupa zinamaanisha chupa ya kioo ya mililita 750.

Kuhusu Konyagi, hiyo ni pombe kali, na ruhusa tunayoizungumzia ni ya mvinyo na shampeni peke yake. Kampuni nyingi kubwa haziruhusu abiria kuingia na pombe kali wala bia za kwao siku ya kupanda, ingawa Disney huruhusu bia chache kama mbadala wa mvinyo. Huwezi kubadilishana. Carnival wanasema wazi kwamba kilichokatazwa kikikutwa hutupwa bila fidia.

Ng'wana Magu

Wakuu, mbona mnajitesa? Nimeona video mtandaoni za watu wanaohamishia pombe kwenye chupa za dawa ya kusukutulia mdomo. Ukiweka rangi kidogo hakuna anayejua.

Wakala wa Kirumba

Ndugu yangu, nakuomba sana usimshauri mtu yeyote jambo hilo, hasa mzazi. Wakaguzi wa bandarini wameiona hila hiyo kwa miaka mingi. Ni kwa sababu ya hila za namna hiyo kwamba Carnival, mwaka 2015, waliacha kuruhusu abiria waingie na maji ya chupa, wakabakiza vinywaji baridi vya makopo kwa idadi maalumu. Masharti ya Royal Caribbean yanasema kwamba anayevunja taratibu za pombe anaweza kuzuiwa kupanda au kushushwa. Mtu mwenye safari mbili mfululizo ana zaidi ya kupoteza kuliko mwingine, kwa kuwa akizuiwa katika ya kwanza, ya pili nayo imekwenda. Kumweka mama wa miaka 65 katika aibu hiyo, mbele ya foleni ya watu, kwa ajili ya kinywaji kinachouzwa hatua chache kutoka chumbani kwake, ni jambo ambalo mimi siwezi kulikubali.

Mstaafu wa Nyegezi

Salaam kwa wote. Nimeona nichangie kuhusu hiyo siku ya kati, kwa sababu niliwahi kuunganisha safari mbili kutoka Miami nikiwa na binti yangu, na utaratibu wa Marekani una mambo yake.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tuliletewa barua chumbani ikitutaka tufike katika ukumbi mmoja asubuhi, tukiwa na pasipoti na kadi zetu za chumba. Tulikaa pale pamoja na wengine waliokuwa wakiendelea, tukasubiri mpaka abiria wote waliomaliza safari wameshuka. Sababu tuliyoelezwa ni kwamba idara ya forodha na uhamiaji ya Marekani inataka meli ihesabiwe kuwa haina abiria hata mmoja kabla ya kuruhusu wapya kupanda. Kwa hiyo na sisi tulishushwa, tukapita uhamiaji, tukakaa kwenye viti vya bandarini kwa muda, kisha tukawa wa kwanza kabisa kurudi melini.

Wengi wa wenzetu walirudi hivyohivyo na kundi. Waliotaka kununua mvinyo walilazimika kuaga kundi, kutoka nje ya jengo, kuchukua teksi hadi dukani na kurudi kupitia mlango wa abiria wapya. Binti yangu alifanya hivyo. Aliporudi, begi lake lilipita kwenye mashine, mkaguzi akaitoa ile chupa, akaigeuza shingo juu ya taa akatazama karatasi ya bati iliyofunika kizibo, akapitisha kidole kuizunguka kuona kama imekatwa, kisha akairudisha ndani ya begi bila kusema neno. Nilichojifunza ni kwamba anayebaki na kundi hana nafasi ya kununua. Ni lazima uamue mapema.

Wakala wa Kirumba

Mzee wetu, umetueleza vizuri kabisa, na hiyo karatasi ya shingoni ndiyo ambayo watu wengi hawaijali. Chupa ambayo karatasi yake imechanika njiani, hata kama kizibo hakijaguswa, inazua maswali. Kwa waliozoea mvinyo wenye kifuniko cha kuzungusha, hakikisheni ule mkanda wa chini haujakatika.

Niongeze kwamba Southampton na bandari nyingi za Ulaya hazina sharti la kuhesabu meli hadi sifuri kwa namna ya Marekani, hivyo anayeendelea mara nyingi huweza kubaki melini asubuhi hiyo au kushuka na kurudi anapotaka. Urahisi huo una mtego wake: kwa kuwa hakuna anayekulazimisha kushuka, ni rahisi kukaa ukinywa chai mpaka saa za kupanda zimepita. Anayetaka chupa ya safari ya pili ashuke mapema.

Jambo jingine ni umri. Kwenye safari zinazoanzia Amerika ya Kaskazini, Royal Caribbean huhesabu mtu mzima wa kunywa kuanzia miaka 21. Zinazoanzia Ulaya ni miaka 18. Familia inayosafiri na kijana wa miaka 19 itapata chupa moja zaidi ikipandia Southampton, na haitaipata ikipandia Miami, ingawa meli yenyewe inaweza kuwa ileile.

Kemondo

Mkuu, mimi nimepanga safari mbili za kutoka Durban na MSC. Umesema hawaruhusu kabisa. Je, nikinunua mvinyo katika bandari ambayo meli itasimama, utafanywaje? Tena nikiwa na safari ya pili mbele yangu?

Wakala wa Kirumba

Kaka, kwa MSC mvinyo unaonunua bandarini unachukuliwa mlangoni unaporudi, unapewa risiti, na unatunzwa hadi mwisho wa safari. Kampuni nyingine nyingi nazo zina utaratibu kama huo kwa pombe za bandarini na za duka la melini lisilo na ushuru.

Kwa mtu wa safari mbili, swali la kuuliza ni mwisho upi. Ziko meli ambazo humrudishia abiria chupa zake usiku wa mwisho wa safari ya kwanza, kwa kuwa kwenye daftari lao safari imekwisha, na zipo zinazomwomba aziache kwenye stoo mpaka siku atakayoshuka moja kwa moja. Mimi huwashauri wasafiri waende dawati la huduma siku moja au mbili kabla ya siku ya kati, na risiti mkononi, waseme wanaendelea na safari inayofuata na waulize chupa zitarudishwa lini. Usingoje usiku wa mwisho, wakati dawati lina foleni ya watu wanaolipa bili zao. Na risiti hiyo iwekwe pamoja na pasipoti, kwa sababu stoo ikiwa na mamia ya chupa zinazofanana, ni namba ya risiti peke yake itakayoonyesha ipi ni ya kwako.

Ushauri wangu kwako, kwa kuwa lengo lako ni kunywa ukiwa safarini na si kupeleka nyumbani, ni kutonunua kabisa bandarini. Kaa mezani katika mgahawa wa mjini, kunywa mvinyo wa Afrika Kusini pale unapotengenezwa, kisha urudi melini mikono mitupu.

Mwalimu wa Bwiru

Nina swali fupi. Watoto wetu wametununulia kifurushi cha vinywaji kwa safari ya kwanza tu. Je, tunaweza kuendelea nacho safari ya pili?

Wakala wa Kirumba

Hapana, Mwalimu. Kifurushi hununuliwa kwa safari, na kinakufa asubuhi ya siku ya kati. Ila hali yenu ni nzuri kwa habari ya mvinyo: wiki ya kifurushi hamna haja ya kugusa chupa mlizoingia nazo, kwa hiyo mnaweza kuzihifadhi zote kwa wiki ya pili na kuongeza nyingine siku ya kati. Angalieni tu kwamba baadhi ya kampuni, Royal Caribbean wakiwemo, hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha pombe mmoja wao akinunua.

Mama Igoma

Mwanangu, mimi ndiye ninayefungasha mabegi nyumbani kwetu, na hofu yangu haiko melini, iko kwenye ndege. Chupa ya kioo itafikaje Uingereza nzima kutoka Mwanza?

Wakala wa Kirumba

Shikamoo mama. Swali lako limekuja mahali pake, maana chupa iliyovunjika ndani ya sanduku haisaidiwi na masharti ya kampuni yoyote.

Kwanza, haiwezi kwenda kwenye begi la mkononi kwa sababu viwanja vingi vya ndege huzuia kimiminika kinachozidi mililita 100. Itakwenda kwenye sanduku la kukabidhi kaunta. Kilevi cha mvinyo wa kawaida kiko chini ya asilimia 24, hivyo sheria za mizigo ya hatari haziuwekei kikomo cha lita. Kikomo chako ni kilo za tiketi. Chukua soksi nene, ivalishe chupa kuanzia chini, kisha iweke ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, ili ikivunjika isiharibu nguo. Baada ya hapo ifunge kwa kitenge kizito, ukizungusha hadi isiweze kuhisiwa ukibonyeza kwa kidole, na ilaze katikati ya sanduku, mbali na kingo na magurudumu, nguo zikiwa zimejaa pande zote bila nafasi ya kutikisika. Chupa mbili zisigusane. Ukifika, iache isimame kwa siku mbili tatu kabla ya kufunguliwa, ili masimbi ya mvinyo mwekundu yatulie chini.

Angalia pia njia ya ndege. Mkipitia Doha na sanduku limekabidhiwa moja kwa moja hadi London, hakuna tatizo. Lakini mkiamua kutoka nje ya uwanja na kuchukua mabegi ili mlale kwa jamaa, mvinyo utachukuliwa, kwa kuwa Qatar hairuhusu msafiri kuingia nchini na pombe. Uingereza kwenyewe hakuna shida: mtu mzima anaruhusiwa kuingia na hadi lita 18 za mvinyo bila ushuru, kwa hiyo chupa zenu ni kidogo mno.

Sanduku la kukabidhi likishafika, usisahau kuihamisha chupa kwenye begi la mkononi kabla ya kwenda bandarini. Hapa ndipo wazazi wengi husahau, kwa kuwa wamezoea kwamba mkononi ni marufuku. Kwenye ndege chupa inakaa sandukuni. Kwenye meli inabebwa mkononi, ili ionekane na kuhesabiwa.

Mama Igoma

Nimekuelewa mwanangu, Mungu akubariki. Na kizibuo je?

Wakala wa Kirumba

Usibebe, mama. Mwambie mhudumu wa chumba naye atakuletea au atakufungulia, na glasi zipo. Ukitaka kunywea ukumbini, mpe mhudumu wa meza chupa hiyo mapema jioni, ulipe ile ada, na wataitunza na kuirudisha mezani siku inayofuata ikiwa haikuisha.

Kemondo

La mwisho mkuu: na wakati wa kurudi nyumbani, ikiwa nimebakiwa na chupa zile za stoo?

Wakala wa Kirumba

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru, au lita moja ya pombe kali. Chupa mbili za mililita 750 ni lita moja na nusu, hivyo uko salama. Ya tatu inakuvusha kikomo, na hiyo uitaje mwenyewe kwenye dawati la forodha Dar es Salaam kabla hawajakuuliza.

Kwa wote wanaojiandaa: andikeni barua pepe kwa kampuni ya meli, mkitaja namba zote mbili za tiketi, na muulize swali moja tu, kama siku ya kati inahesabiwa kuwa siku ya kupanda kwa habari ya mvinyo. Jibu likija, lichapisheni na mlibebe pamoja na tiketi, maana mkaguzi wa mlangoni ni mwajiriwa wa bandari mara nyingi, na karatasi yenye nembo ya kampuni itamaliza mjadala haraka kuliko maelezo ya mdomo. Wa Nyakato jibu lao limeshafika, na linasema ndiyo.